Spesa ya aluminiamu chini ya kabureta ya kirikuu: itaongeza nguvu?

Msomaji wa Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza, anauliza: "Shikamoo fundi. Nina kirikuu, Suzuki Carry yenye injini ya F6A ya kabureta. Nabeba dagaa na sangara kutoka Mwaloni Kirumba kwenda Magu, siku nyingine Sengerema. Ikiwa na mzigo inachoka mlimani. Halafu nikiizima ikiwa ya moto, baada ya robo saa kuiwasha tena ni shughuli, inanuka petroli tu. Fundi wa kuchonga wa Nyakato ameniambia anichongee spesa ya aluminiamu ya milimita 50 niiweke kati ya kabureta na manifoldi, gari litapata nguvu na kupunguza kula mafuta. Nimeshatoa hela ya awali. Nimefanya sawa?"

Marahaba, mdogo wangu. Umeleta shida mbili zenye vyanzo tofauti, na fundi wako amezijibu zote kwa kipande kimoja cha chuma. Spesa, yaani kipande cha kuinua kabureta juu ya manifoldi (bomba linalogawa hewa na petroli kwa silinda), inaweza kukusaidia kwenye ile ya pili, ya kugoma kuwaka ikiwa ya moto. Kwenye nguvu, kwa injini yako, haina neno kubwa. Na ikiwa ya aluminiamu, hata ile shida moja ambayo ingeitatua haitaitatua.

Habari ya spesa kuongeza nguvu si uongo, ila imetoka kwenye injini za namna nyingine. Ilianzia kwa Wamarekani wenye injini za V8, silinda nane zinazolishwa na kabureta moja kubwa yenye matundu manne, kama zile za Holley. Manifoldi nyingi za injini hizo zimegawanywa ndani: silinda nne zinavuta upande huu, nne upande ule. Ukiweka spesa iliyo wazi katikati, zile pande mbili zinaungana hapo juu, na kila silinda inaweza kuvuta hewa kupitia matundu yote manne. Mzunguko ukiwa wa juu sana, kwenye mashindano, hapo wanapata nguvu ya farasi kadhaa zaidi. Wakitaka nguvu kwenye mzunguko wa chini wanaweka spesa ya aina ya pili, yenye matundu manne yaliyotenganishwa, ili hewa isipoteze kasi yake. Hata wao hawakubaliani ipi ni bora mpaka waifunge injini kwenye mashine ya kupimia.

Sasa angalia ya kwako. F6A ina silinda tatu na ujazo wa sentimita za ujazo 657. Injini ya kawaida ya V8 ya lita 5.7 inaimeza yako karibu mara tisa. Manifoldi yako haina ukuta wa kuondolewa katikati, na wewe huendi kushindana. Wewe unapanda mlima kwa gia ya pili, mzunguko wa katikati, mguu umekandamiza resi. Katika hali hiyo kinachoifanya kabureta itoe petroli vizuri ni ile pigo ya mvuto inayotoka kwa kila silinda inapofungua vali. Hewa inapita kwa kasi kwenye koo la kabureta, shinikizo linashuka, petroli inanyonywa kutoka kwenye jeti (kitundu kidogo kinachopima petroli) na kupasuka kuwa ukungu. Ukiongeza chumba cha milimita 50 chini ya kabureta, pigo ile inapoa kabla haijafika juu. Kabureta inasikia mvuto hafifu, petroli inatoka kivivu na kwa matone makubwa, na matone hayo yanaangukia kwenye kuta za manifoldi badala ya kwenda silindani. Utakachokiona wewe ni hiki: ukikanyaga resi gari linasita, linakohoa kidogo, ndipo linavuta. Huo ni ugonjwa mpya ambao kwa sasa huna.

Tuje kwenye joto, maana hapa ndipo penye faida. Kwenye kirikuu injini imekaa chini ya viti. Ukiwa mwendoni upepo unapita kidogo; ukizima, feni imesimama, maji ya rejeta hayazunguki, na joto lote la silinda hedi na ekzosi linapanda juu. Kabureta inaendelea kupata moto kwa dakika kumi hadi ishirini baada ya kuzima. Petroli si kama maji, haina nyuzi moja ya kuchemkia: sehemu yake nyepesi inaanza kuchemka kwenye nyuzi 35 hadi 40 tu za Selsiasi. Na sisi wa kanda hii tuko juu. Uso wa Ziwa Victoria wenyewe uko karibu mita 1,135 kutoka usawa wa bahari, kiasi kwamba maji ya chai Mwanza yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Petroli nayo inawahi. Ikichemka kwenye bakuli la kabureta inapanda na kumwagika ndani ya manifoldi. Ukirudi kuwasha, silinda zimejaa petroli na hewa hakuna. Ile harufu uliyoisema ndiyo hiyo.

Waliokuwa wakivuka kwa kivuko cha Kigongo kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 2025 wanaijua vizuri. Unazima kwenye foleni juani, foleni inasogea, gari lako halisogei, na nyuma wanapiga honi.

Kabla hujaamini kwamba ni petroli, hakikisha. Siku likigoma, toa mpira wa eya klina, chungulia ndani ya kabureta huku injini imezimwa na hakuna moto wala sigara karibu. Ukiona petroli inadondoka yenyewe, jibu unalo. Ukikuta pakavu, chomoa plagi moja uangalie cheche, kwa sababu koili (inayotengeneza umeme wa cheche) iliyochoka nayo inakufa ikipata moto na kufufuka ikipoa, na dalili zake zinafanana sana na hizi. Watu wamebadilisha kabureta nzima kwa ugonjwa wa koili. Na kwa leo, mpaka utakapotengeneza: ikigoma kwa kujaa petroli, kanyaga resi mpaka chini uishikilie hapo hapo ukipiga stata. Usipampu. Kila unapopampu unaongeza petroli kwenye silinda ambazo tayari zimezama.

Suzuki wenyewe walilijua hilo la joto. Kwenye injini nyingi za Kijapani za kabureta kiwandani kunawekwa kipande cheusi cha bakelaiti (plastiki ngumu isiyopitisha joto vizuri) kati ya kabureta na manifoldi. Ni spesa hiyo hiyo unayotaka kuchongewa, ila kazi yake ni kuzuia joto. Kwa hiyo kitu cha kwanza ninachokuomba: fungua uangalie kama ya kwako bado ipo. Magari haya yamepita mikononi mwa mafundi wengi, na kile kipande kikipasuka wengine hukitupa, wanakata gasketi ya karatasi na kufunga. Gari linatembea, linatembea tu, lakini tangu siku hiyo linagoma likiwa la moto. Angalia pia pampu ya mafuta kama ni ile ya kusukumwa na injini: nayo ina kibao chake cha kuzuia joto pale inapofungwa. Kile usikibadilishe unene ovyo, maana ukikinenepesha mkono wa pampu haufiki vizuri kwenye kemu (shafti inayousukuma) na mafuta yanapungua.

Ndiyo maana aluminiamu siitaki. Inapitisha joto mara mamia kuliko bakelaiti. Ukiiweka chini ya kabureta ni sawa na kushika kijiko cha chuma ulichokiacha ndani ya sufuria ya ugali. Milimita 50 za aluminiamu zitapata moto taratibu zaidi ya milimita 10, lakini zikishapata zitaupeleka wote juu.

Kitu unachokihitaji ni bakelaiti, au faiba ngumu iliyoshindiliwa kwa gundi ya kiwandani, yenye unene wa milimita 8 mpaka 10. Basi. Usiulizie kwenye maduka ya spea peke yake. Pita kwa mafundi wanaosuka mota za umeme, hao ndio wenye vipande vya kuzuia umeme vinavyostahimili joto. Mbao ngumu iliyokauka nayo inazuia joto vizuri, Wamarekani wanazo hata spesa za mbao zilizobanwa kwa tabaka, lakini ya kwetu ya kuranda nyumbani inanywa petroli, inavimba na kusinyaa, na baada ya muda inaanza kuvujisha hewa. Nailoni inalainika. Teflon inavumilia joto na petroli, ila ukiibana kwa bolti inajisogeza polepole mpaka bolti zinalegea zenyewe. Na tafadhali, ule ubao wa plastiki wa kukatia nyama jikoni, usijaribu. Najua unachongeka kirahisi, na najua kuna watu wameuweka.

Usiziondoe njia za maji ya moto zilizo kwenye manifoldi yenyewe, kama ya kwako inazo. Kijana mmoja mjanja atakushauri uzizibe ili "injini ipate hewa baridi". Manifoldi inahitaji joto kiasi ili matone ya petroli yawe mvuke, hasa asubuhi ya Mwanza yenye unyevu wa ziwa. Tunachotaka ni bakuli la kabureta libaki na ubaridi wake. Ni mambo mawili tofauti.

Kuhusu kuchonga. Chukua gasketi mpya ya kabureta uitumie kama kielelezo, kwa sababu mbali na matundu makubwa kuna vitundu vidogo vya mvuto wa hewa, vya kurudisha moshi wa injini na vingine. Kila tundu lililopo kwenye gasketi lazima liwepo kwenye spesa. Ukiziba kimoja, utatafuta ugonjwa wa sailensa (injini kunguruma bila kukanyaga resi) mwezi mzima. Matundu makubwa yawe sawa na ya kabureta au yazidi kidogo, nusu milimita kila upande. Yasiwe madogo hata chembe, maana ukingo unaotokeza ndani unavuruga hewa pale pale petroli inapopita. Kama kabureta yako ina matundu mawili, moja linalofunguka kwanza na la pili linalofuata, yaache yatengane. Usimruhusu fundi ayaunganishe kuwa shimo moja refu kwa kuwa "linapumua zaidi".

Halafu kitako cha kabureta. Hapa ndipo penye siri ya nusu ya kabureta zote zinazolalamikiwa. Miaka ya kukazwa na mafundi wenye hasira imekipinda. Pembe zimeshuka, katikati pamepanda. Weka rula ya chuma iliyonyooka juu yake, pitisha fila geji (vibao vyembamba vya kupimia nafasi). Ikiingia ya milimita 0.1 ujue hewa inaingia pale, na hata ukiweka spesa ya dhahabu haitasaidia. Tandika msasa wa maji namba 400 juu ya kioo kinene, uusugue uso wa kabureta kwa kuzungusha mpaka ung'ae sawasawa. Fanya hivyo na pande zote mbili za spesa. Weka gasketi mpya mbili, moja chini na moja juu. Usipake ile silikoni ya tyubu. Petroli inaivimbisha, vipande vinameguka na kwenda kuziba jeti.

Bolti au stadi (bolti zisizo na kichwa) zitahitaji kuwa ndefu zaidi kwa unene ule ule ulioongeza. Stadi ya milimita 8 inayoingia kwenye aluminiamu ya manifoldi iwe imeshika nyuzi kama milimita 12. Kaza kwa kupishana, kidogo kidogo, kwa spana ya mkono wa kawaida. Bakelaiti haina huruma: ukizidisha inapasuka, na ufa wake hauonekani.

Ukishafunga, kabla hata ya kuwasha, kanyaga resi mpaka chini kisha uachie. Waya wa resi umefungwa kwenye kishikio, na kama kishikio kipo kwenye manifoldi huku kabureta imepanda milimita 10, waya umevutika. Resi isiyorudi kwenye gari lenye sangara nyuma, ukiteremka kuelekea Mabatini muda watoto wanatoka shule, si jambo la kujaribu. Legeza waya mpaka kipepeo cha kabureta kinafunga chenyewe hadi mwisho. Angalia na mfuniko wa juu: kwenye kirikuu nafasi chini ya kiti ni finyu, na mpira wa eya klina ukibanwa na kiti unakunjika na kuinyima injini hewa. Kwa ile spesa ya milimita 50 uliyoagiza, sidhani kiti kingefunga.

Kujua kama kuna hewa inayopenya, washa, acha kwenye sailensa, pulizia maji kidogo kwa chupa ya dawa ya mbu kuzunguka ungio. Mlio ukibadilika, hapo panavuja. Mafundi wengine wanapulizia petroli. Wewe pulizia maji.

Sasa ile shida ya kwanza, ya kuchoka mlimani. Hapa inabidi tuongee ukweli. Magari haya Japani yanatengenezwa kwa sheria ya magari madogo, ambayo tangu 1990 kikomo cha injini ni sentimita za ujazo 660, na mzigo unaoruhusiwa ni kilo 350. Sikuulizi wewe unapakia ngapi. Pia kwa mwinuko wetu hewa ni nyepesi: uzito wa hewa inayoingia silindani ni kama asilimia 10 pungufu ya ile ya Dar es Salaam. Injini iliyoandikiwa farasi 40 huku inatoa 36, hata ikiwa mpya. Spesa hairudishi hewa iliyobaki Dar.

Lakini kuna kitu mwinuko unafanya ambacho tunaweza kukirekebisha. Kabureta haijui kwamba hewa imekuwa nyepesi. Inaendelea kutoa petroli kwa mazoea ya pwani, kwa hiyo kwa kimo chetu mchanganyiko unakuwa na petroli iliyozidi kwa asilimia 5 hadi 6. Injini inakula zaidi, plagi zinakuwa nyeusi zenye masizi makavu, na nguvu inapungua. Ongeza na kwamba mtu fulani huko nyuma alishasafisha jeti zako kwa waya wa spoku na kuzipanua. Chomoa jeti kubwa usome namba. Kama ni 110, jaribu 107.5, tofauti hiyo inapunguza petroli kwa asilimia 4 na nusu hivi, na ndicho kiasi tunachokitaka. Usivuke hapo kwa tamaa ya kubana mafuta. Mchanganyiko ukikauka mno, injini inapata moto na pistoni inatoboka, na hapo utaiona petroli uliyookoa ilikuwa ya bei gani. Endesha na mzigo mlimani, zima papo hapo juu, chomoa plagi: rangi ya kahawia hafifu ndiyo unayoitaka. Nyeupe ni hatari, rudisha jeti.

Kabla ya jeti, lakini, nenda kwenye vitu ambavyo havina sifa kijiweni. Pima kompresheni (mgandamizo) ya silinda zote tatu. Moja ikiwa imeachana sana na wenzake, weka pesa yako huko. Rekebisha tapeti (nafasi za vali). Weka taimingi (wakati wa cheche) kwenye alama, kisha unaweza kuisogeza mbele digrii mbili, kwa hewa nyepesi ya huku inavumilia, mradi isigonge ukikanyaga resi mlimani. Badilisha eya klina. Vumbi la barabara za ndani za Igoma na Kisesa linaiziba kabla ya muda wake. Inua magurudumu uyazungushe kwa mkono, kwa sababu breki inayoshika kidogo inakula nguvu nyingi kuliko spesa yoyote itakayotoa.

Fanya kimoja kimoja, na upime. Chagua kilima kimoja unachokipita kila siku, mzigo unaofanana, gia ile ile, uone unafika juu kwa mwendo gani. Mafuta yapime kwa kujaza tenki mpaka juu, utembee kilomita mia mbili au zaidi, ujaze tena pampu ile ile. Ukibadilisha jeti, spesa na taimingi siku moja hutajua kipi kimekusaidia, na kijiweni watakuambia ni spesa.

Wenye bodaboda mtaniuliza na nyie. Kibao cheusi kati ya kabureta na hedi kinafanya kazi hii hii, na pete yake ya mpira ikikatika pikipiki inakosa sailensa. Badilisheni hivyo viwili, msirefushe kitu. Wenye mashine za kupachika za mitumbwi huko Igombe na Ukerewe, nyie maji ya ziwa yanawapozea injini muda wote. Spesa hamna kazi nayo.

Kuhusu hela uliyokwisha kutoa: usigombane na mtu. Mrudie fundi, mwambie abadilishe kazi, amwachie mwingine ile aluminiamu na wewe umletee bakelaiti ya milimita 10 pamoja na gasketi mpya. Kama ameshaanza kuichonga na matundu yamekaa sawa, akitumie kile kipande kama kielelezo: akibane juu ya bakelaiti, atoboe zote mbili kwa pamoja, kekee kali na mwendo mdogo, kibao cha mbao kikiwa kimekaza chini ili bakelaiti isimeguke tundu linapotokea upande wa pili. Na mfunge vitambaa puani. Vumbi lake si la kuvuta.